Konvolusheni rivabu na zile njia nne: sauti ya kushoto inaenda wapi?

Ukifungua plagini ya konvolusheni rivabu (kiprogramu kinachoipa sauti mwangwi wa jengo halisi), iwe ya bure au ya kununua, sehemu fulani pembeni utakuta kimenyu kidogo kinakuuliza unataka mono, sterio, mono kwenda sterio, au tru sterio, na nyingine zinaongeza M/S (katikati na pembeni), na prodyuza wengi wanakipita wanaenda moja kwa moja kuhangaika na urefu wa mkia na EQ. Mi naona hapo ndo pa kuanzia. Hicho kimenyu ndo kinaamua kama kwaya uliyoirekodi itasikika imesimama ndani ya kanisa, soprano upande wao na besi upande wao, au itasikika kwaya iko chumbani afu kanisa liko mahali pengine kabisa. Na majina yenyewe hayasaidii, kila kampuni ina yake, "sterio" ya plagini hii sio "sterio" ya plagini ile. Ila ukishaelewa kinachofanyika chini yake, majina hayatakusumbua.

Tuanze na impalsi, ambayo wengi huandika IR tu. Ukipasua puto kanisani, unachokisikia baada ya ule mlio ni jengo lenyewe linajibu: sauti ya moja kwa moja inafika kwanza, zinafuata zilizogonga sakafu, ukuta wa karibu, dari, afu unakuja mkia mzito ambao huwezi tena kutofautisha kipi ni kipi. Rekodi ya hayo majibu ndo impalsi. Konvolusheni inachukua kila sampuli ya sauti yako (vile vipande vidogo sana ambavyo kompyuta inaikata sauti) na kuipa nakala nzima ya hayo majibu, kubwa au ndogo kulingana na ukubwa wa sampuli yenyewe, afu nakala zote zinajumlishwa. Ni hivo tu.

Siku hizi puto limebaki kwa wenye haraka. Wanaopima kwa makini wanaweka spika inayopiga mlio unaopanda taratibu kutoka 20 Hz mpaka 20,000 Hz, njia ambayo Angelo Farina wa Italia aliieleza mwaka 2000, afu kompyuta inaichakata ile rekodi mpaka inabaki impalsi safi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ule mkwaruzo unaotengenezwa na spika yenyewe unajitenga, unakaa mbele ya impalsi, unaukata unautupa.

Sasa shika hili, maana mengine yote yanasimama hapa: impalsi moja ni njia moja. Ni njia kutoka pale spika iliposimama mpaka pale maiki iliposimama, basi. Sio "rivabu ya kanisa". Sogeza spika mita mbili, impalsi inabadilika, hasa zile sauti za kwanza kurudi ukutani, na hizo ndo zinazoliambia sikio mwimbaji kasimama wapi. Mkia wa mwisho haubadiliki sana, mwanzo ndo unabadilika.

Trak ya sterio ina chaneli mbili zinaingia na unataka mbili zitoke. Kwaiyo njia ni nne: kushoto kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, kulia kwenda kulia. Kwenye mafaili mengi utakuta zimeandikwa LL, LR, RL na RR, herufi ya kwanza ni spika ilipokuwa, ya pili ni maiki iliyorekodi. Kila kilichomo kwenye kile kimenyu kinajibu swali moja: kwenye hizi njia nne, umeweka impalsi ipi wapi, na ipi umeiacha tupu.

Chukua ile ambayo plagini nyingi zinaita sterio, wengine wanaita pararali. LL ina impalsi ya kushoto, RR ina ya kulia, LR na RL ziko tupu. Chaneli ya kushoto inapita kwenye impalsi yake inatokea kushoto, ya kulia vivyo hivyo, hazikutani popote. Ipani gitaa (lielekeze) kushoto kabisa afu sikiliza rivabu peke yake: iko kushoto tu, spika ya kulia kimya. Hakuna ukumbi unaofanya hivo, ukipiga kofi upande wa kushoto ukuta wa kulia nao unarudisha na sikio lako la kulia linausikia. Ndo maana kwaya iliyopitishwa huku inasikika imekatwa katikati, soprano wana kanisa lao, besi wana lao. Na inashangaza ni plagini ngapi zinakuja na hii ikiwa ndo chaguo la mwanzo.

Ya pili ni ya kujumlisha. Plagini inachukua kushoto na kulia inazichanganya kuwa mono, afu hiyo mono inaipitisha kwenye impalsi mbili, moja inatokea kushoto nyingine kulia. Kwa lugha ya njia nne, LL na RL zina impalsi ile ile moja, LR na RR zina ile nyingine. Rivabu inakuwa pana vizuri, pande zote zinajaa, ila haijui tena sauti imetokea wapi, ipani gitaa kushoto au kulia rivabu ni ile ile. Kwa vokali moja ya katikati haina neno. Kwa kwaya nzima tayari umepoteza mpangilio wa waimbaji ndani ya jengo. Afu kuna jambo la pili ambalo watu hawalitazami: ukijumlisha chaneli mbili, kitu kilicho sawasawa pande zote kinapanda dB 6, wakati vitu vipana ambavyo kushoto na kulia havifanani vinapanda dB 3 hivi. Kwaiyo cha katikati kinaingia kwenye rivabu kikiwa na dB 3 zaidi ya vile vya pembeni, na unabaki kujiuliza kwa nini mwimbaji kiongozi anazama wakati sendi (kiasi cha sauti unachopeleka kwenye rivabu) hujaigusa. Na kama una sinthi iliyopanuliwa kwa kugeuza fezi upande mmoja (wimbi linapinduliwa juu chini), kwenye kujumlisha inajifuta, hata haifiki kwenye rivabu.

Tru sterio ndo inayojaza njia zote nne kwa impalsi nne tofauti, zilizorekodiwa kweli. Unaweka spika upande wa kushoto wa jukwaa, maiki mbili mahali msikilizaji anapokaa, unarekodi, unapata LL na LR kwa mpigo. Unahamishia spika kulia, maiki hazisogezwi hata kidogo, unapata RL na RR. Kwenye kutumia, kinachotoka kushoto ni chaneli ya kushoto kupitia LL ikijumlishwa na ya kulia kupitia RL, na kinachotoka kulia ni chaneli ya kushoto kupitia LR ikijumlishwa na ya kulia kupitia RR. Sasa gitaa ulilolipani kushoto linajibiwa na ukumbi mzima, pande zote mbili, ila mwanzo wake unaonyesha limetokea kushoto. Ukivuta pani taratibu kwenda kulia, jibu la ukumbi nalo linahama. Kwa kwaya iliyorekodiwa kwa maiki mbili, mi sioni nyingine inayoifikia.

Ila hata hiyo ina mipaka, jina lisikudanganye. Mwimbaji wa katikati, ambaye yuko sawa kwenye chaneli zote mbili, anaingia kwenye ukumbi kupitia spika mbili kwa pamoja, ya kushoto na ya kulia, wakati mtu halisi angesimama sehemu moja katikati. Sauti za kwanza kurudi zinatoka sehemu mbili zinagongana, masafa mengine yanajikata mengine yanapanda, na hapo rivabu inaweza kuonekana ina rangi ya ajabu kwenye kiongozi huku kwaya inasikika poa. Dawa yake ni kumtoa kiongozi humo: sendi yake iende kwenye rivabu ya mono kwenda sterio yenye impalsi iliyorekodiwa na spika ikiwa katikati ya jukwaa, ukumbi ule ule. Mono kwenda sterio ni njia mbili tu, chanzo kimoja, maiki mbili, na kwa chanzo kimoja hiyo ndo picha sahihi zaidi kuliko hiyo tru sterio yenyewe.

Na kuna vifaa ambavyo kwa asili yake ni mono kwenda sterio, huwezi kuvipa njia nne hata ukitaka. EMT 140, ile rivabu ya sahani ya chuma ya Ujerumani iliyotoka 1957, ina kisukumaji kimoja kinachotikisa sahani, na matoleo yake ya sterio yana vipokezi viwili. Kuingia ni kumoja. Kwaiyo ukikuta faili la sahani moja limeandikwa tru sterio lenye chaneli nne, uliza zile nne zimetoka wapi, maana chuma chenyewe kina njia mbili.

Hapo ndo tunafika kwenye tru sterio za kutengeneza, na hizi zimejaa. Mtu ana impalsi mbili tu, ya kushoto na ya kulia, anataka njia nne, anafanya hivi: LL anaweka ya kushoto, LR ya kulia, afu kwa chaneli ya kulia anazigeuza, RL anaweka ya kulia, RR ya kushoto. Kwa karatasi inaonekana safi, ukumbi unaofanana pande zote. Ukipani kushoto inapendeza, ukipani kulia inapendeza. Sasa weka vokali katikati. Kinachotoka kushoto ni vokali kupitia impalsi ya kushoto ukijumlisha na vokali kupitia ya kulia, na kinachotoka kulia ni vokali kupitia ya kulia ukijumlisha na kupitia ya kushoto. Ni kitu kile kile! Pande zote mbili zina sauti moja sawasawa, yaani rivabu ya kitu cha katikati imegeuka mono, imebanwa katikati nyuma ya vokali yenyewe. Upana wote umepotea pale pale unapouhitaji zaidi. Ukisikia rivabu yako ni pana kwenye magitaa ila kwenye vokali imekufa, hapa ndo pa kuangalia kwanza.

M/S ina tabia ya karibu na hiyo. Kushoto na kulia zinageuzwa kuwa katikati na pembeni, katikati inapewa impalsi yake, pembeni yake, afu zinarudishwa kuwa kushoto na kulia. Ukiifungua kwa hesabu ni njia nne tena: LL na RR zote ni nusu ya jumla ya impalsi mbili, LR na RL zote ni nusu ya tofauti yake. Faida yake ni kwamba unaweza kuwapa walio pembeni ukumbi mrefu na katikati ukaacha chumba kidogo, neno likasikika. Hasara ni mbili. Kilichoko katikati kitapata rivabu ya katikati tu, mono. Na yeyote atakayesikiliza kwa spika moja, simu au kaspika ka blututhi, rivabu yote ya pembeni inajifuta, kwa sababu kwenye mono pembeni ni sifuri. Kwa mziki utakaochezwa zaidi kwenye simu, fikiria mara mbili.

Kwenye Logic Pro, programu ya kurekodi ya Apple, plagini yake ya konvolusheni iitwayo Space Designer ina slaida ya kuingizia sauti yenye ncha mbili: juu ni sterio, katikati ni mono, chini kabisa ni ile inayobadilishana, ya kushoto inachakatwa kulia na ya kulia kushoto. Wengi wanaiona kama nobu ya upana. Ukiitazama kwa njia nne unaona kinachofanyika, juu kabisa LR na RL ni tupu, ukishuka zinaanza kufunguka mpaka katikati ambapo zote zinalingana, ukiendelea kushuka LL na RR ndo zinafungwa. Ukiiacha kati ya sterio na mono unapata kitu cha kufaa sana: gitaa la kushoto lina rivabu pande zote mbili ila kushoto imezidi. Sio ukumbi halisi, ila kama una impalsi mbili tu ndo njia ya heshima kuliko kugeuza mafaili.

Swali linalofuata huwa ni prosesa. Impalsi ya sekunde 3 kwenye 48,000 Hz ina sampuli 144,000. Ukifanya kwa nguvu, kila sampuli inayoingia izidishwe mara 144,000, ni mazidisho bilioni 6.9 kwa sekunde kwa njia moja tu, kwa nne bilioni 27.6. Kinachotuokoa ni kufanya hesabu upande wa masafa kwa FFT (hesabu ya haraka ya kuivunja sauti kuwa masafa yake), na William Gardner mwaka 1995 alionyesha namna ya kuikata impalsi vipande, vidogo mwanzoni vikubwa mwishoni, ili usisubiri sauti itoke. Na hapo tru sterio ina nafuu: chaneli ya kushoto inageuzwa kwenda kwenye masafa mara moja tu afu inatumika kwa LL na LR, ya kulia vilevile, na kurudi ni mara mbili tu. Mazidisho ya katikati ndo yanakuwa manne. Kwaiyo gharama yake iko chini ya mara mbili ya ile pararali, usiikimbie kwa kuogopa laptopu. Ila nayo iweke kwenye auksi moja (chaneli inayopokea sendi za trak nyingi) ya kundi zima, usiiweke kwenye kila trak.

Kama plagini yako haina tru sterio na una mafaili mawili ya sterio, la spika ya kushoto na la spika ya kulia, unaweza kuijenga mwenyewe. Fungua auksi mbili. Ya kwanza ipelekee chaneli ya kushoto peke yake, weka lile faili la kushoto, ya pili ipelekee ya kulia peke yake na faili la kulia. Zote mbili zitoke sterio, pani usiziguse. Sharti ni kwamba kila plagini ipokee mono, na kama inang'ang'ania pararali basi hiyo chaneli moja iingize pande zote mbili za plagini, kushoto na kulia, ndo kila impalsi ipate chakula chake. Feda (slaida za kupandisha sauti) za auksi hizo mbili zifunge pamoja, ukiinua moja bila nyingine ukumbi unapinda.

Tahadhari kubwa iko kwenye kuandaa mafaili, na hapa ndo impalsi nyingi nzuri zinaharibikiwa. Ukimaliza kurekodi, kidole kinawasha kukata ukimya wa mwanzo kila faili kivyake na kuinua kila faili mpaka lifike juu. Usifanye. Chukua maiki mbili zilizopangwa kwa mtindo wa ORTF, sentimita 17 kati yake: sauti inayotoka pembeni kabisa inafika maiki ya mbali ikiwa imechelewa kama nusu milisekunde, kwenye 48,000 Hz ni sampuli 24 hivi. Hizo sampuli 24 pamoja na tofauti ya ukubwa ndo zinabeba habari ya kushoto na kulia. Ukikata LL na LR kila moja ianzie sifuri yake, na ukazilinganisha kwa sauti, umebaki na mikia minne isiyojua upande. Kata zote nne kwa kiasi kile kile, inua zote nne kwa kiasi kile kile. Na kama rivabu iko kwenye auksi, ile sauti ya moja kwa moja iliyo mwanzoni mwa impalsi iondoe, vinginevyo inakuongezea nakala nyingine ya sauti kavu ambayo imechelewa kidogo, na vokali inaanza kusikika iko kwenye bomba.

Kabla hujailaumu impalsi, kagua na sendi. Programu nyingi za kurekodi zinaipa sendi pani yake yenyewe, na pani ya trak haiifuati mpaka uiambie ifuate, kwenye Pro Tools kuna kitufe cha hiyo kazi. Umepani soprano kushoto, sendi yake bado iko katikati, rivabu inapokea katikati, na hapo tru sterio yote uliyoijenga inafanya kazi ya kujumlisha tu. Sendi ikiwa ya mono ndo kabisa, hakuna cha kushoto wala kulia kinachofika.

Kujua plagini yako inafanya nini hasa, weka kofi moja fupi kwenye trak, lipani kushoto kabisa, sendi nayo ifuate, rivabu 100%, rekodi kinachotoka. Kulia kukiwa kimya kabisa, ni pararali. Ukipani kulia na rekodi zikafanana kila kitu, ni ya kujumlisha. Kulia kukisikika ila mwanzo wake umechelewa kidogo au uko chini kuliko kushoto, na ukipani kulia picha inageuka bila kuwa kioo kamili cha ile ya kwanza, hiyo ni tru sterio ya kurekodiwa. Ikiwa kioo kamili, ni ya kutengeneza au M/S. Afu lifungue na faili lenyewe la chaneli nne uvute karibu mwanzo wake: kama maiki zilikuwa zimeachana, LL na RR zinaanza mapema kuliko LR na RL, kwaiyo kwa mpangilio wa LL, LR, RL, RR chaneli ya kwanza na ya nne ndo zinatangulia. Ukiona zinazotangulia ni ya kwanza na ya pili, faili limepangwa tofauti na plagini inavyosoma, hamisha ile ya pili ikae ya nne, na zile mbili zilizochelewa zikae ya pili na ya tatu, afu rudia kofi.